Kigoma tumezoea kupokea watu wanaokimbia vita. Tuwasaidieje moyo na akili wakati vita vyenyewe haviishi?

Mwana wa Gungu (mleta uzi)

Wakuu, salaam. Wakubwa zangu shikamooni. Uzi ni mrefu, mwenye nafasi akae tuongee.

Tangu Goma ianguke mikononi mwa waasi wa M23 Januari 2025, na Bukavu mwezi uliofuata, maongezi ya huku mwambao yamebadilika. Ukishuka Kibirizi boti za kaskazini zinapopakia, utasikia nani kapigiwa simu, nani hapatikani, nani kaonekana Baraka ya Kongo, nani kavuka. Kuanzia Ujiji hadi Kagunga ni nyumba chache zisizo na shangazi, mkwe au mtu wa biashara ng'ambo ile. Vita vya Kongo kwetu vinaingia mpaka sebuleni.

Na hii si mara ya kwanza. 1972 walikuja Warundi. 1993, Rais Melchior Ndadaye alipouawa, wakaja tena. 1996 vita vilipoanza Zaire (Kongo ya leo), kambi ya Nyarugusu ikafunguliwa Kasulu kwa ajili ya Wakongo wa Kivu Kusini. 2015 Burundi ikawaka upya, Nyarugusu ikafurika, Nduta ya Kibondo ikafunguliwa tena, Mtendeli ya Kakonko ikafuata, nayo ikaja kufungwa 2021. Mtoto aliyezaliwa Nyarugusu mwaka ule wa kwanza leo ni mtu mzima. Kasoma humo, kaoa humo, kazaa humo, na bado anahesabiwa kuwa yupo kwa muda.

Nimefanya kazi za kujitolea na watu hawa miaka mingi, Kasulu na hapa mjini, na kuna jambo linalonikera mno. Kila tukizungumzia msaada wa kisaikolojia, tunaongea kana kwamba kuna siku janga litakwisha, watu watulie, ndipo tuanze kutibu mioyo. "Hali ikitulia tutaleta washauri." Hali gani itakayotulia? Kwa mama aliyekimbia Fizi, Kongo, 1996, akarudi, akakimbia tena, hakuna "baada ya vita" ya kusubiri. Anaishi humo humo. Kumwambia asubiri utulivu ndipo ahudumiwe ni kumnyima huduma maisha yake yote.

Tena kinachowaumiza mara nyingi si kile tunachodhani. Mgeni akifika kambini huuliza habari za bunduki na mapanga. Ni kweli, watu wameona mambo mazito. Lakini kaa nao wiki moja usikilize wanachokisema jioni: mgao uliopunguzwa, kuni za kufuata mbali kwa hofu, kibali cha kutoka, soko lililofungwa, kijana aliyemaliza shule hana pa kwenda, na juu ya yote, tetesi. Mwaka 2010 wanasaikolojia wawili, Kenneth Miller na Andrew Rasmussen, waliandika kwamba shida hizi za kila siku zina mchango mkubwa sana katika maradhi ya akili ya watu waliopitia vita, na kwamba ukizipuuza ukabaki na kumbukumbu za vita peke yake, unatibu nusu ya mtu. Waliokaa Nyarugusu hawakuhitaji kuambiwa.

Niseme kidogo kuhusu tetesi, maana nimeziona zinavyofanya kazi. Asubuhi kwenye foleni ya maji mtu mmoja anasema wiki ijayo majina yataanza kusomwa, wanaotakiwa kurudi wapande magari. Hakuna tangazo lolote. Kufika saa sita habari imeshafika mwisho wa kambi, na sasa ina tarehe. Jioni hiyo nilikuwa kwa familia moja ya Warundi. Baba alikuwa anauza sufuria kubwa na jembe kwa bei ya kutupa, kwa hoja kwamba bora apate senti kabla hajapakiwa. Mama alikuwa amefunga nguo za watoto kwenye shuka, amezikalia. Mtoto wa miaka minane, aliyekuwa ameshaacha kukojoa kitandani, akaanza upya. Wiki ikapita, hakuna jina lililosomwa. Lakini jembe halikurudi, na mwili wa yule mama ulikuwa umeshakesha siku zote hizo ukisubiri mlango kugongwa. Mwili haujui kwamba ilikuwa tetesi. Moyo ulienda mbio kwelikweli, usingizi ulikatika kwelikweli.

Ndiyo maana naamini habari za uhakika ni tiba ya akili. Mwaka 2007 mashirika ya kimataifa yalikubaliana mwongozo wa msaada wa kisaikolojia kwenye dharura, nao umepangwa ngazi nne. Ngazi ya chini inayobeba zote ni usalama, chakula, makazi, na huduma kutolewa kwa heshima. Juu yake ni familia na jamii: misiba kufanyika inavyostahili, ndugu kuunganishwa, watoto kurudi shule. Ya tatu ni watu waliofunzwa, si lazima madaktari, wanaosaidia wenye dalili zinazowasumbua. Juu kabisa ni wataalamu kwa wachache waliozidiwa. Sisi tunabishana kila siku kuhusu ngazi ya juu: daktari wa akili hatoshi, hospitali ya akili ya Mirembe iko Dodoma, safari ni ndefu. Ni kweli yote hayo. Lakini ngazi mbili za chini zipo mikononi mwetu na ndizo tunazoziacha.

Ukubwa wa tatizo je? Shirika la Afya Duniani lilikadiria mwaka 2019 kwamba katika maeneo yaliyopitia vita ndani ya miaka kumi, mtu mmoja kati ya watano hivi ana tatizo la afya ya akili: sonona, wasiwasi uliozidi, kiwewe, au maradhi makubwa zaidi. Igeuzeni hesabu hiyo. Wanne kati ya watano hawaumwi. Wana huzuni, wana hofu, wana hasira, na wana haki ya kuwa nazo. Hao hawahitaji kuitwa wagonjwa. Wanahitaji majirani, ratiba, kazi ya mikono na mtu wa kuwaambia ukweli.

Naomba michango. Hasa wenyeji wa Kasulu, Kibondo na Kakonko, na wenzetu wa Tabora kule Ulyankulu.

---

Mwamko wa Buhigwe

Mkuu umeandika vizuri lakini mimi nina dukuduku. Wakimbizi wana mashirika, magari meupe kila siku. Sisi wenyeji tunaopakana nao nani anatuuliza tunalalaje? Mipaka ikichafuka na sisi tunachafukwa. Mtu wa kijijini hapati hata huyo mshauri unayemsema.

---

Mwana wa Gungu

Ndugu yangu wa Buhigwe, dukuduku lako ni la haki na sitalipinga hata kidogo.

Kumbuka Kagunga, Mei 2015. Kijiji cha wavuvi, mlima nyuma, ziwa mbele, barabara ya gari hakuna. Ndani ya majuma machache makumi ya maelfu ya watu wakalala ufukweni. Kipindupindu kikaingia, wagonjwa wakafika maelfu. Meli ya MV Liemba ikawa inasomba watu kuwaleta mjini, wakipitia Uwanja wa Lake Tanganyika. Wote tunakumbuka magari na mahema. Wangapi waliwauliza wanakijiji wa Kagunga, waliobeba wagonjwa, waliowapa wageni vyombo vyao vya maji, wakaona watoto wa watu wakifa mchangani pale wanapoanikia dagaa? Wageni walihamishwa. Wenyeji walibaki na ufukwe ule ule.

Kwa hiyo huduma yoyote ikiletwa, iwe ya wote wawili. Kikundi cha akina mama kikikaa Makere, wakae wa kambini na wa kijijini pamoja inapowezekana. Wakikaa peke yao kila upande unaamini mwenzake ndiye anayependelewa, na hiyo peke yake ni sumu.

---

Mjukuu wa Ulyankulu

Wakuu salaam kutoka Tabora.

Mleta uzi umetutaja, naomba niseme la kwetu. Wazee wetu walivuka 1972. Walipewa pori, wakalima, tumbaku na mahindi mnavyoyajua. Mimi nimezaliwa hapa. Ilipofika 2008 serikali ikafungua njia ya uraia kwa watu wa 1972 wa Ulyankulu, Katumba na Mishamo, na 2010 maombi ya watu takriban 162,000 yakawa yamekubaliwa. Tulifurahi mno. Lakini kukawa na sharti kwamba tutahamishwa tutawanywe mikoa mingine, na vyeti havikutolewa mpaka 2014.

Miaka hiyo ya katikati ndiyo nataka muielewe. Hakukuwa na risasi hata moja. Hakuna aliyetupiga. Lakini babu yangu, mtu aliyekuwa akiamka alfajiri tangu ujana wake, aliacha kukarabati nyumba. Bati lilipotoboka aliweka ndoo chini. Aliacha kupanda miembe. Ukimuuliza anasema, "Nampandia nani?" Akawa anakaa barazani mchana kutwa. Bibi alisema amerogwa. Mjomba akasema ni uzee. Cheti kilipofika na habari ya kuhamishwa ikafa, mzee yule yule alishika panga akaenda kusafisha shamba.

Sisemi cheti kinatibu kila mtu. Nasema babu alikuwa anaumwa kutokujua kesho.

---

Mwana wa Gungu

Mjukuu, Mungu ambariki babu yako. Hicho ulichokiandika nitakitumia kufundishia kama utaniruhusu. Umeeleza kwa bati na ndoo kile ambacho semina nyingi hazikifikishi.

---

Dada wa Katonga

Samahani naomba kuuliza, maana hili limenigusa nyumbani kwangu. Mama yangu mdogo mume wake alivuka kwenda Uvira kwa biashara ya mawese, vurugu zikamkuta huko. Simu haiiti mpaka leo. Ndugu wa mume wanataka tukae tanga, wanasema lazima amekufa. Mama mdogo anakataa, bado anampikia sahani yake. Mashoga zake wanamwambia anakufuru, akubali yaishe. Anakonda. Nimwambie nini?

---

Mwana wa Gungu

Pole sana dada, na umfikishie mama pole yetu.

Kwanza, msimlazimishe. Kuna mtaalamu wa tiba ya familia wa Marekani, Pauline Boss, ambaye tangu miaka ya 1970 amefanya kazi na familia za watu waliopotea, akianzia na wake wa wanajeshi ambao hawakurudi kutoka Vietnam na miili yao haikuonekana. Alichokiona ni kwamba msiba usio na maiti wala kaburi una taabu ya peke yake. Mtu hayupo na hajaondoka. Anayesubiri hana wazimu, hali yenyewe ndiyo haina jibu. Ukimwambia "kubali amekufa" anajiona anamuua mumewe kwa mdomo wake. Ukimwambia "atarudi tu" unamfunga mlangoni maisha yote.

Kinachosaidia ni kumruhusu ashike yote mawili. Kauli kama hii: "Huenda yupo hai, huenda hayupo, hatujui, na sisi tupo na wewe katika kutokujua huko." Nimeona wanawake wakishusha mabega waliposikia hivyo kwa mara ya kwanza. Kuhusu sahani, mwacheni. Lakini mvute pia kwenye mambo yanayoendelea: mtoto apelekwe shule, genge lifunguliwe, harusi ya jirani aende. Dua anaweza kusomewa mumewe bila kutangaza kuwa ni hitima. Ongeeni na shekhe wenu, nina hakika mtapata njia isiyomvunja.

Na msiache kutafuta. Msalaba Mwekundu wana huduma ya kutafuta ndugu waliopoteana vitani, wanaandika taarifa na kuzifuatilia ng'ambo, bila malipo. Hata wasipompata, kule kuandikisha jina la mume kwenye karatasi kunampa mama mdogo kitu alichokifanya kwa mikono yake.

---

Mtumishi 7

Nasoma kwa makini. Lakini ndugu zangu, mbona hamtaji maombi? Watu wetu wanapona kanisani na msikitini. Huu ushauri wa kizungu wa kukaa unamsimulia mtu usiyemjua siri zako, sisi Waha na wenzetu Wabembe hatukulelewa nao.

---

Mwana wa Gungu

Mtumishi, heshima yako. Sijazitaja kwa sababu nilidhani kila mtu ananiona nikiziheshimu. Kwaya ya mkimbizi, swala ya jamaa, jumuiya ndogondogo, hivyo vimewashika watu wima kuliko mradi wowote niliowahi kuufanyia kazi. Mtu mwenye zamu ya kufagia kanisa Jumamosi ana sababu ya kuamka Jumamosi.

Ninachoomba kwa viongozi wa dini ni mambo mawili tu: mgonjwa asifungwe minyororo, na asiambiwe aache dawa ili imani yake ionekane.

Kuhusu kukaa na kusimulia, hapo nakubaliana nawe zaidi ya unavyofikiri. Kumkalisha mtu aliyefika jana ukamwambia "toa yote moyoni" hakumsaidii. Zamani ilikuwa desturi ya mashirika, watu wanakusanywa mara moja baada ya tukio wasimulie kila kitu. Utafiti ulipofanyika ikaonekana hakuna faida, na wengine inawazidishia, ikaachwa. Huduma ya kwanza ya kisaikolojia inayofundishwa sasa, mwongozo wake ukiwa wa 2011, inasema angalia, sikiliza, unganisha. Angalia nani yuko hatarini na nani anahitaji maji, blanketi, mtoto wake. Sikiliza anachotaka kusema yeye. Muunganishe na ndugu na huduma. Akinyamaza, kaa naye kimya. Hiyo mbona bibi zetu wanaifanya msibani?

---

Muuguzi Mstaafu

Shikamooni wakubwa, marahaba wadogo.

Niongeze ya zahanati. Mama anakuja, moyo unamwenda mbio, kichwa kinauma, tumbo linawaka, miguu inakufa ganzi. Anapimwa malaria, hana. Anapimwa presha, iko sawa. Anapewa panadoli anarudishwa. Wiki ijayo yupo tena. Wahudumu vijana, muulizeni huyu mama analalaje na anaishi na nani kabla hamjaandika panadoli ya tatu.

La pili, dawa za usingizi. Watu wananunua diazepam dukani kama peremende. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unakataza kumpa mtu dawa za jamii hiyo kwa ajili ya mshtuko ndani ya mwezi wa kwanza baada ya tukio, kwa sababu hazitibu na mtu anazizoea. Gongo nayo ni vivyo hivyo, usiku inalaza, saa nane inaamsha na hofu maradufu.

La tatu, kifafa. Mtashangaa kwa nini nakitaja. Utafiti uliokusanya takwimu za kambi 90 za wakimbizi, uliochapishwa 2014, ulionyesha kwamba kati ya wanaofika zahanati za kambini kwa maradhi ya akili na mishipa ya fahamu, wa kifafa ndio wengi kuliko wote, wakifuatiwa na wenye maradhi makubwa ya kuchanganyikiwa. Hao wakikimbia wanaacha dawa nyuma. Mtu aliyekuwa anaishi vizuri na vidonge vyake Uvira, akivuka bila vidonge, wiki chache baadaye anaanguka motoni. Kijana aliyekuwa ametulia anaanza kusikia sauti. Majirani wanasema vita vimemharibu kichwa, kumbe dawa imekatika.

La mwisho, mtu anayesema amechoka kuishi. Muulizeni waziwazi: "Unafikiria kujiua?" Kuuliza hakumpi wazo, kunampa mwanya wa kupumua. Msimwache peke yake, ondoeni sumu ya shamba na kamba karibu naye, mpelekeni kituo cha afya. Najua watu wanaogopa kwa sababu kujaribu kujiua kwa sheria yetu bado ni kosa, na hofu hiyo inawafanya wafiche mpaka inakuwa msiba. Kesi yake ni ya kitabibu, mfikisheni kwa daktari.

---

Mwalimu wa Kibondo

Asante sana mama muuguzi.

Mimi nina watoto darasani, wa kwetu na waliochanganyika. Mlango ukigongwa kwa nguvu wapo wanaoingia chini ya dawati. Mmoja anachora boti tu, kila siku boti. Nifanye nini, mimi si mtaalamu, na darasa lina watoto wengi mno?

---

Muuguzi Mstaafu

Mwalimu, mwache achore boti. Usimuulize mbele ya wenzake. Kaa karibu, sema "naona boti," kama ana la kusema atasema.

Jambo kubwa unaloweza kuwapa ni siku inayofanana na jana. Kengele wakati ule ule, wimbo ule ule asubuhi, waambie mapema kitu kikibadilika: "kesho kutakuwa na wageni, kutakuwa na kelele." Fimbo weka mbali kabisa na hawa. Michezo isifutwe kwa ajili ya masomo ya ziada. Ukiona mtoto anaacha kula, hacheki, hachezi wiki baada ya wiki, au unahisi anaumizwa nyumbani, usibaki nalo. Namba 116 ni ya msaada kwa mtoto, inapigwa bure nchi nzima, na hata mtu mzima anaweza kuipiga kwa niaba yake.

---

Mwamko wa Buhigwe

Nimeelewa sasa. Ila bado nataka kujua hii ngazi ya tatu uliyoisema, ya watu waliofunzwa wasio madaktari. Kweli inafanya kazi au ni posho za semina?

---

Mwana wa Gungu

Inafanya kazi, na ushahidi wake haukutoka mbali.

Mwaka 2013 ulichapishwa utafiti wa vijiji 16 vya Kongo mashariki, kwa wanawake waliobakwa. Wengi hawakujua kusoma, na vita vilikuwa vinaendelea kuwazunguka. Vikundi viliongozwa na wasaidizi wa huko huko, si madaktari. Walifundishwa kutambua mawazo yanayowatafuna, mfano "ni kosa langu", na kuyahoji pamoja. Miezi sita baadaye, wenye dalili za sonona au wasiwasi mkubwa kwenye vikundi hivyo walikuwa asilimia 9. Kwenye vijiji vilivyopata msaada wa mtu mmoja mmoja walikuwa asilimia 42. Vita havikuwa vimekwisha, wanawake wakapona humo humo. Hii ndiyo sababu siwezi kuvumilia neno "hali ikitulia".

Uganda, kambi ya Rhino, wanawake wa Sudan Kusini walifundishwa kukabili msongo kwa sauti iliyorekodiwa na kitabu cha picha, na hali zao zikawa nafuu. Hapa kwetu Nyarugusu palijaribiwa mpango ulioitwa Nguvu, kwa wanawake wa Kikongo wanaopigwa na waume zao, ukiunganisha tiba ya mawazo na mpango wa usalama wa nyumbani. Naupenda mpango ule kwa kukubali kwamba mwanamke anaweza kuwa amekimbia vita akabaki na vita vingine chumbani.

Kuna njia moja nataka niieleze kwa kina kwa sababu nimeona uzito wake. Inatumika na watu waliopitia mambo mengi mabaya, si moja, na ilijaribiwa pia kwa wakimbizi kule Nakivale, Uganda. Mtu anapewa kamba, anailaza chini. Mwanzo wa kamba ni kuzaliwa kwake. Kisha anaweka maua palipokuwa na jema na mawe palipokuwa na baya, kwa mpangilio wa maisha yake. Jiwe kubwa kwa kubwa, dogo kwa dogo. Mzee mmoja niliyekaa naye kama mkalimani aliweka ua la kwanza akasema ni siku baba yake alipomwachia wavu peke yake ziwani. Akaweka mawe manne mfululizo bila kusema kitu. Akanyamaza, akachukua ua akaliweka katikati ya mawe: binti yake alizaliwa njiani wakiwa wanakimbia, chini ya mti, na akaishi. Alikuwa hajawahi kuyaona hayo mawili yakiwa mahali pamoja. Kamba haimaliziki. Kipande cha mwisho kinaachwa kimekunjwa, kwa sababu maisha yanaendelea. Baada ya hapo, kikao kwa kikao, anasimulia jiwe moja moja taratibu, na mshauri anaandika, mpaka tukio lirudi kwenye mwaka wake na mahali pake, lisije tena usiku kana kwamba linatokea leo.

Hili wakuu lisijaribiwe na mtu asiyefunzwa. Ukimfungulia mtu jiwe na hujui kulifunga, ukaondoka na gari lako, umemwachia kidonda wazi.

Ambacho kila mtu anaweza kufanya ni hiki: mtu akipandwa na hofu, kaa naye, mwambie avute pumzi polepole mpaka tumbo lijae, aitoe polepole zaidi, mrudie rudie. Mwambie ataje anachokiona hapo alipo, anachokisikia, anachokigusa. Halafu msaidie kazi moja ndogo aliyoiacha, iwe kufua, iwe kupalilia tuta moja. Na tetesi ikipita, kabla hujaisambaza, muulize mwenyekiti wa mtaa au ofisi ya kambi.

Na wanaosaidia nao wasaidiwe. Wahudumu wa kujitolea wa kambini wenyewe ni wakimbizi, wanasikiliza kutwa habari zinazofanana na zao, kisha wanarudi kwenye hema lile lile kwa malipo madogo. Wapewe kikao chao cha kila wiki na msimamizi, si cha kujaza fomu, cha kusema wamesikia nini na kimewafanya nini.

---

Dada wa Katonga

Nimeongea na mama mdogo. Nilimwambia yale maneno, kwamba hatujui na tupo naye. Alilia sana, halafu akauliza hiyo ofisi ya Msalaba Mwekundu anaendaje na abebe nini.

---

Muuguzi Mstaafu

Mwanangu, usimwache aende peke yake. Abebe picha ya mume kama anayo, majina yake yote matatu na majina ya wazazi wake, mwaka na mahali alipozaliwa, namba ya simu aliyokuwa akitumia, jina la boti aliyopanda kama anakumbuka, na mahali pa mwisho alipopiga simu. Kama alikuwa na dawa anazotumia kila siku, aandike na hizo. Kabla hamjatoka nyumbani ahakikishe amekula kitu, maana kule kuna kusubiri.

---

Mjukuu wa Ulyankulu

Dada, kama mume alikuwa na jamaa waliokimbilia Tabora, andika hapa kijiji tu, bila majina, tutaulizia upande huu.